Sura ya Saba: Wadachi wa Mlima Kenya

Mwaka 1890, miaka tisa kabla reli haijafika kwenye kinamasi ambacho leo ni Nairobi, mwanauchumi wa Vienna aitwaye Theodor Hertzka alichapisha riwaya iliyowahamishia Wazungu Mlima Kenya. Katika Freiland, watu waliochoshwa na dhiki za Ulaya wanavuka nchi ya Wamaasai kwa msafara mrefu, wanafika chini ya mlima, na hapo wanajenga nchi mpya ambamo ardhi haina mwenyewe na mkopo hautozwi riba. Makao yao makuu wameyaita Edenthal, yaani Bonde la Edeni.

Jina hilo limenishughulisha kwa muda mrefu. Mlima aliouchagua Hertzka ulikuwa na majina yake tangu zamani, na lile ambalo Ulaya ililijua lilikuwa limeandikwa na Mjerumani. Johann Ludwig Krapf, mmisionari aliyezaliwa karibu na Tübingen, alikuwa akikaa Rabai. Mwishoni mwa 1849 alipanda hadi Kitui, akapokewa na Kivoi, mfanyabiashara mashuhuri wa Ukambani, na tarehe 3 Desemba akauona mlima kwa mbali. Aliandika jina kama alivyolisikia kwa Wakamba. Sikio lake halikushika kila sauti, lakini alisikiliza, ndiyo maana nchi nzima leo inaitwa kwa jina lililotoka kinywani mwa Mkamba. Hertzka, miaka arobaini baadaye, alikuwa na ramani mezani na hakuona haja ya kumuuliza mtu.

Kitabu chake kilisomwa sana. Vyama vya Freiland vilianzishwa Ujerumani na Austria, michango ikakusanywa, na mwaka 1894 kikundi kidogo cha waumini wake kilishuka Lamu kikinuia kufuata Mto Tana hadi mlimani. Hakikufika. Pwani ile ilikuwa tayari mikononi mwa Waingereza, nao hawakuwapa njia. Fedha zikakatika, wenyewe kwa wenyewe wakakosana, na kabla ya mwaka kwisha msafara ulikuwa umevunjika. Edenthal ikabaki kitabuni.

Isipokuwa Umoja. Mtaa wetu huu wa Nairobi ulijengwa miaka ya 1970 kwa mkopo uliodhaminiwa na serikali ya Marekani, nyumba ndogo za mpango mmoja ambazo wenyewe wamezipandisha ghorofa juu ya ghorofa mpaka jua linaingia uani kwa kuiba. Kwenye mojawapo ya ghorofa za Innercore anaishi kijana anayesomea programu za kompyuta jioni na kutengeneza simu mchana karibu na soko la Mutindwa. Usiku, stima ikiwepo, anajenga nchi ya Hertzka. Anatumia gemu liitwalo Victoria 3, la kampuni ya Paradox ya Uswidi, linaloanza mwaka 1836 na kuishia 1936. Mchezaji hupewa nchi aiendeshe kwa miaka mia: kodi, reli, viwanda, bunge, vita. Kampuni huacha mafaili mengi ya gemu wazi ili wachezaji wayabadilishe wapendavyo, na kazi hiyo ya kubadilisha huitwa modi.

Modi yake inageuza tukio moja. Katika historia yenyewe, ndugu wawili Wajerumani, Clemens na Gustav Denhardt, walipewa ardhi na Sultani Ahmed wa Witu mnamo Aprili 1885, na mwezi uliofuata Ujerumani ikatangaza kuilinda Witu. Miaka mitano baadaye, tarehe 1 Julai 1890, Ujerumani iliiachia Uingereza Witu katika mkataba ambao nao uliipatia Ujerumani kisiwa cha Helgoland. Katika modi, mkataba huo hautiwi saini. Ujerumani inabaki Witu, mdomo wa Tana unabaki wazi, na watu wa Hertzka wanapanda. Kufikia 1910 kuna jamii tatu za walowezi wasemao Kijerumani kati ya Usambara na Mlima Kenya. Ramani ilikuwa imekamilika, rangi zimechaguliwa, bendera zimechorwa. Majina ndiyo yaliyomleta kwangu.

“Mzee, hawa watu nitawaita aje?”

Nilimuuliza walipofika walimkuta nani.

“Hapo ndio sijafika.”

Alinionyesha faili. Katika gemu hili kila utamaduni una lugha, dini, rangi, orodha za majina ya kiume, ya kike na ya ukoo, na maeneo yanayohesabiwa kuwa ni kwao. Kuna jina la ndani, ambalo kompyuta peke yake hulitumia, limeandikwa kwa herufi ndogo zilizounganishwa kwa mistari ya chini. Na kuna jina la nje, linaloandikwa kwenye faili jingine baina ya alama za kufungulia na kufungia, ambalo ndilo mchezaji huliona. Ukisahau la nje, gemu linaonyesha lile la ndani kama lilivyo, na mchezaji anayefungua ramani ya mwaka 1911 anakutana na taifa zima linaloitwa german_east_03. Ndivyo lilivyokuwa likisomeka kwenye kioo chake. Kampuni imelitafsiri gemu kwa Kiingereza, Kifaransa, Kijerumani, Kirusi, Kipolandi, Kichina na lugha nyingine kadhaa, lakini Kiswahili hakimo. Kijana huyu ameandika maneno yake ya Kiswahili ndani ya faili la Kiingereza, mstari kwa mstari, na nilipoona jina la Tanga na la Pangani yakiwa na maelezo ya Kiswahili juu ya ramani ya gemu lililotengenezwa Stockholm nilifurahi sana.

Majina aliyokuwa ameyajaribu yalitoka kwenye dira: Wajerumani wa Mashariki, Wajerumani wa Kati, Wajerumani wa Kaskazini. Watengenezaji wa modi duniani hufanya hivyo mara nyingi. Modi mashuhuri ya Kaiserreich, inayowaza Ujerumani ikiwa imeshinda vita vya 1914, ina dola kubwa ya Afrika iitwayo Mittelafrika, Afrika ya Kati. Jina hilo halikubuniwa na wachezaji; maofisa wa Berlin walikuwa nalo kwenye mipango yao tangu Septemba 1914. Ni jina la mtu anayetazama bara kutoka juu. Kwa dola linafaa, maana dola hutazama kutoka juu. Kwa watu wanaolala, wanaolima, wanaogombania kisima na jirani, halitoshi.

Tuangalie waliokuwepo kweli. Namibia ndiyo koloni pekee la Ujerumani barani ambamo walowezi walibaki vizazi kadhaa. Kabla ya vita vya kwanza Wazungu huko walikaribia 15,000, na zaidi ya 12,000 walikuwa Wajerumani. Walijiita Südwester, watu wa Kusini-Magharibi, na jina lao hilo lilitoka kwenye dira. Lakini Kijerumani chao kilibadilika kwa kukaa na wengine: leo Wanamibia wanaokisema wanachanganya maneno ya Kiafrikana na ya Kiingereza, kiasi kwamba mgeni kutoka Berlin hulazimika kuuliza. Jina walijipa wenyewe, ulimi wakapewa na majirani.

Kwetu majirani walitoa na majina pia. Walowezi wa Kiholanzi kutoka Afrika Kusini walifika eneo la Arusha kwenye miaka ya 1904 na 1905, na mwaka 1908 kundi kubwa liliongozwa na Jansen van Rensburg hadi uwanda wa Uasin Gishu. Wao walijiita Boers. Kiswahili kikawaita Makaburu, na jina hilo ndilo linaloishi vitabuni na redioni mpaka leo. Mji wao ulianza kama posta kwenye shamba namba 64. Serikali ikaupa jina la Eldoret mwaka 1912, lakini wenyeji walikwisha kuuita Sisibo kwa namba hiyo, na wazee wa Uasin Gishu wanaujua hivyo. Hakuna ofisi iliyopitisha jina la Sisibo. Lilipita sokoni na kwenye mikokoteni.

Na Wajerumani wenyewe walikuwa na jina. Hemedi bin Abdallah el-Buhriy alipotunga utenzi juu ya vita vya Abushiri na Bwana Heri vya 1888 na 1889, utenzi huo ulikuja kujulikana kwa jina la Vita vya Wadachi Kutamalaki Mrima. Wadachi: ndivyo pwani ilivyowajua, kabla Kiswahili cha shule hakijatia Wajerumani mahali pake. Nilimwambia kijana aanze hapo. Mtu wa Pangani aliyemwona Abushiri akinyongwa Desemba 1889 hakuwa na neno la dira akilini. Alikuwa na Wadachi, na alijua ni Wadachi gani: wa boma, wa misheni, wa shamba.

Hilo la mwisho lilimfungulia njia. Wa shamba walikuwa Usambara, na historia yao inajulikana vizuri. Mkonge uliletwa mwaka 1893 na Richard Hindorf kutoka Florida kupitia Hamburg. Katika vichipukizi 1,000 vilivyotumwa, 62 ndivyo vilivyofika Tanga vikiwa hai, na mashamba yote ya katani yaliyofuata yalitokana navyo. Reli ilitoka Tanga ikapita chini ya milima hadi ikafika Moshi mwaka 1911. Walowezi walikuwa na gazeti lao, Usambara-Post, na ugomvi wao mkubwa ulikuwa na gavana wao wenyewe, Albrecht von Rechenberg, aliyeona kwamba koloni lingepata faida zaidi kwa mazao ya wakulima Waafrika kuliko kwa kuwabeba walowezi. Mwaka 1913 Wazungu wote wa koloni lile walikuwa 5,336, kati ya watu zaidi ya milioni 7. Nambari hizo nilimsihi aziingize kwenye modi kama zilivyo. Utamaduni wa watu elfu tano haujazi ramani.

Kijana alikuwa ameipa jamii ya Usambara eneo zima kutoka Tanga hadi Kilimanjaro kuwa ni kwao. Kubonyeza ni rahisi: unaandika jina la ndani kwenye mstari wa jimbo, unahifadhi faili, basi. Hapa tulibishana jioni nzima, na sioni aibu kusema kwamba nilipandisha sauti. Katika wilaya ya Wilhelmsthal, Lushoto ya leo, kuanzia 1907, kila mwanamume Msambaa alipewa kadi iliyomlazimu kumfanyia Mzungu kazi siku 30 katika kila miezi minne. Msomaji wa Nairobi hahitaji kuelezwa. Kipande kilichoning'inizwa shingoni mwa babu zetu Kenya baada ya vita vya kwanza ni ndugu wa kadi hiyo. Na upande wa kusini, walipoinuka Wamatumbi, Wangindo, Wangoni na wengine katika Maji Maji kati ya 1905 na 1907, jeshi la Gavana Götzen lilichoma mashamba na maghala. Makadirio ya vifo huanzia 75,000 na kufika hadi 300,000, wengi wao kwa njaa. Mpango wowote wa kuwaza Wajerumani wakistawi Afrika Mashariki unapita juu ya makaburi hayo. Modi ikiliita jimbo “kwao” kwa walowezi bila kuandika waliolipoteza, inarudia kosa la Hertzka, na kwa kweli inalizidisha, kwa sababu Hertzka aliandika kabla na sisi tunaandika baada.

Alinisikiliza, akajibu jambo ambalo sikuwa nimelifikiria. Katika gemu, alisema, utamaduni usio na kwao huweza kuishi vilevile: una watu, una majina, una kazi, una vyama vya siasa, lakini ramani haiutambui kuwa na ardhi. Hivyo ndivyo atakavyowaweka walowezi wote watatu. Usambara itabaki kuwa kwao Wasambaa, Kilimanjaro Wachaga, na miteremko ya Mlima Kenya Wakikuyu, Waembu na Wameru, hata bendera ya nani ikipepea. Nimeona modi nyingi za watu wa Ulaya na Marekani kuhusu bara hili, na sikuwahi kuona uamuzi wa haki uliofanywa kwa kufuta mistari mitatu tu.

Majina ya miji yalikuwa mepesi zaidi, kwa sababu kumbukumbu ipo. Wajerumani walibadilisha machache kuliko tunavyodhani. Lushoto waliiita Wilhelmsthal, Tukuyu ikawa Neu-Langenburg, Kasanga ya Ziwa Tanganyika ikawa Bismarckburg, Liuli ya Ziwa Nyasa ikawa Sphinxhafen. Kileleni Kilimanjaro, Hans Meyer alipofika mwaka 1889, akaweka jina la Kaisari wake, mpaka Desemba 1961 palipoitwa Uhuru. Lakini Tanga ilibaki Tanga, na Tabora, Iringa, Morogoro, Moshi na Arusha zikabaki na majina yake. Serikali yenyewe iliendeshwa kwa Kiswahili, kupitia maliwali na maakida, na shule yake ya Tanga ilichapisha gazeti la Kiswahili, Kiongozi. Ukitazama orodha hiyo unaona jina la Kijerumani lilishika pale boma lilipojengwa mahali pageni au pale walowezi walipojikusanya. Palipokuwa na soko na njia ya misafara, soko lilishinda. Kijana ameifanya kanuni hiyo kuwa sheria ya modi yake: mji uliokuwa na soko kabla ya 1885 haubadiliki jina.

Waingereza nao walipolitwaa koloni hilo waliyapitia mapendekezo ambayo mtu angeyadhania ya modi. Mwaka 1920 lilitajwa jina la Smutsland, kwa heshima ya jenerali Smuts, na Windsorland, na New Maryland, na Eburnea. Waziri wa makoloni akataka jina la wenyeji. Ikachaguliwa Tanganyika. Nilimwonyesha kijana orodha hiyo, akaniuliza kama inaruhusiwa kuitumia yote. Inaruhusiwa. Mchezaji wa Uingereza akishinda vita katika modi yake sasa anapewa majina yote kwenye orodha moja, achague.

Jamii ya pili ni Wajerumani kutoka Urusi. Hao pia walikuwepo: mwanzoni mwa karne ya 20 familia za wakulima wa Kijerumani waliokuwa wakiishi Urusi kwa vizazi waliletwa kukaa Leganga, chini ya Mlima Meru, na mpango huo ukashindwa. Katika modi wamefaulu. Jina lao la nje tumelifikiria kwa namna jirani angewaona: watu wenye sura ya Wadachi wa boma lakini wasioishi kama Wadachi wa boma, wanaolima kwa mikono yao. Mwarusha aliyezoea kuona Mdachi akiwa amepanda farasi au amekaa kwenye machela angelitambua tofauti mara moja. Kwenye kioo sasa wanasomeka Wadachi wa Jembe. Wa Usambara wanasomeka Wadachi wa Katani. Orodha ya majina yao ya ukoo inabaki ya Kijerumani kabisa, kwa sababu ukoo huandikwa na mwenye ukoo, na orodha ya majina ya utani ya mabwana shamba ni ya Kiswahili, kwa sababu hayo huandikwa na vibarua.

Sisi wa Eastlands tumelelewa ndani ya mambo haya. Mtaa wa Donholm, jirani yetu, unabeba jina la shamba la ng'ombe la Mskoti, Doonholm, na Jogoo Road iliitwa hivyo hivyo zamani. Kariokor ni Carrier Corps, jeshi la wapagazi waliobebeshwa mizigo ya vita dhidi ya Wadachi hao hao kati ya 1914 na 1918 na kufa kwa makumi ya maelfu. Dar es Salaam ina Kariakoo yake kwa sababu iyo hiyo. Serikali iliandika Carrier Corps, watu wakatamka walivyoweza, na waliopoteza ndugu zao ndio walioliweka jina mjini. Mitaa ya Ofafa na Mbotela ina majina ya wanasiasa wa Nairobi waliouawa wakati wa Hali ya Hatari. Mtoto wa Umoja anayepanda matatu kwenda mjini anapita kwenye orodha nzima ya watu waliogombea haki ya kutaja mahali. Ndiyo sababu naamini modi ya namna hii inastahili kutengenezwa hapa, na siyo Stockholm.

Vita vikaisha, na katika historia yenyewe Wajerumani walifukuzwa Tanganyika na mashamba yao yakapigwa mnada kama mali ya adui. Wagiriki na Wahindi wakanunua mengi. Tangu 1925 wakaruhusiwa kurudi. Wengi walikwenda nyanda za juu za Iringa, na kufikia 1939 walikaribia kuwa wengi kama Waingereza, kisha Septemba mwaka huo wakakamatwa na kuzuiliwa. Kijana ameandika tukio la 1925. Linajitokeza kwenye kioo likiwa na kichwa “Wadachi Wamerudi” na vitufe viwili: kuwaacha wanunue tena, au kulirudisha shamba kwa waliolilima wakati hawapo. Ukichagua cha pili, Wadachi wa Katani hupungua kwenye hesabu na wakulima Wasambaa huongezeka, na gavana wako hupoteza uungwaji mkono wa wenye mashamba kwa miaka kumi.

Imebaki jamii ya tatu, watu wa Hertzka. Kwa mchezaji wa Ujerumani mji wao utasomeka Edenthal, kwa sababu ndivyo wangeuita wenyewe. Gemu linaruhusu mji uleule usomeke jina jingine kwa nchi nyingine, na mstari wa pili, wa Kikuyu, bado ni mtupu. Nilikataa kuujaza. Mimi si Mkikuyu, na kijana, ambaye ni Mkikuyu, amezaliwa Umoja na hajawahi kuvuna kahawa. Cucu wake, yaani nyanya yake, yuko Kerugoya. Tumeandika pamoja maswali atakayokwenda nayo likizo ya Desemba: wageni mia tatu wakija bila askari na kuomba kukaa kando ya mto, nani ana haki ya kuwakubalia? Wangeruhusiwa kulima nini? Wakisema ardhi haina mwenyewe, wangejibiwa nini? Na baada ya mavuno mawili, watoto wa kijiji wangewaita nani?